Mwanga Ndani ya Jiwe: Almasi ya Kisangani na Ujuzi Uliopanga Bei

Mnunuzi wa almasi hupima jiwe kwa mwanga. Hulishika kwa kibanio chembamba, hulisogeza karibu na dirisha ambalo jua halipigi moja kwa moja, hulichungulia kwa lenzi inayokuza mara kumi, kisha hulilaza juu ya karatasi nyeupe ili rangi yake ijitokeze. Mchimbaji aliyetoka msituni hukaa upande wa pili wa meza, macho yake usoni mwa mnunuzi. Dakika chache baadaye bei hutajwa, na bei hiyo ndiyo itakayoamua kama madeni ya chakula na ya beleshi yatalipwa au yatasubiri.

Kwa takriban miaka 40 biashara hiyo imeendeshwa Kisangani. Imejenga majumba, imevuta ndege na fedha za kigeni, imewatoa watu mashambani na darasani ikawapeleka mitoni, na ilikuwa miongoni mwa sababu zilizofanya majeshi ya nchi mbili jirani yapigane katikati ya mji. Mambo hayo yamesimuliwa mara nyingi. Upande usiosimuliwa sana ni ule wa ujuzi. Anachokitafuta mnunuzi pale dirishani ni namna elektroni zilizofungwa ndani ya jiwe zinavyoupokea mwanga. Anayejua kulisoma jibu la elektroni hizo ndiye anayepanga bei, na tangu biashara hii ianze, aliyelisoma vizuri zaidi amekuwa mbali na aliyelichimba jiwe.

Kisangani ni mji uliozaliwa na biashara. Mto Kongo ukishashuka maporomoko ya Boyoma, ambako Wagenia wametega samaki kwa vizazi vingi, huwa njia ya meli hadi Kinshasa. Aliyeshika mahali hapo alishika mizigo. Wafanyabiashara wa pembe za ndovu waliotokea Zanzibar walifika na misafara yao, Henry Morton Stanley akaanzisha kituo mwishoni mwa 1883, na mwaka 1887 Tippu Tip, mmoja wa wafanyabiashara hao, akateuliwa gavana wa eneo hilo kwa jina la Dola Huru ya Kongo. Kiswahili kinachosikika leo Makiso, Kabondo na Lubunga, kikienda bega kwa bega na Kilingala, kina mizizi katika misafara ile. Wabelgiji waliuita mji Stanleyville. Tangu 1966 ni Kisangani. Baada ya pembe ulikuja mpira, kisha pamba, mafuta ya mawese na kahawa. Soko la almasi lilichelewa kufika.

Si kwamba Kongo haikuwa na almasi. Jiwe la kwanza lilipatikana mwaka 1907 upande wa Tshikapa, katika Kasai, na kampuni ya Forminière ikaanza kuchimba huko. Bakwanga, mji unaoitwa leo Mbuji-Mayi, ukawa chanzo kikubwa cha almasi za viwandani duniani: mawe yenye ukungu, mengi yasiyofaa kwa pete, yanayosagwa ili kukatia na kunolea vyuma. Lakini enzi zote za ukoloni, na hata miaka 20 ya kwanza ya uhuru, jiwe lilikuwa mali ya kampuni. Mwananchi aliyekutwa nalo mfukoni alihesabiwa mwizi.

Mwaka 1982 mambo yaligeuka. Sheria mpya ya serikali ya Mobutu iliwaruhusu raia wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, kuchimba dhahabu na almasi kwa mikono yao na kuziuza. Uchumi ulikuwa umeyumba, mishahara ya serikali ilikuwa imepoteza thamani, na ruhusa hiyo iliwakuta watu wako tayari. Katika mkoa wa Haut-Zaïre, vijana waliingia teritwari zinazoizunguka Kisangani: Bafwasende, Banalia, Opala na Ubundu. Almasi za huko si za mwamba mgumu. Zimeletwa na maji na kulala katika changarawe ya vijito vya kale na vya sasa, hivyo beleshi, ndoo, chekeche na nguvu za mwili zinatosha kuanza kazi. Udongo wa juu huondolewa, changarawe hutolewa, huoshwa na kuchekechwa, na jicho hutafuta mng'ao. Penye maji mengi, wazamiaji hushuka mtoni kuitafuta changarawe chini kabisa.

Mjini yalizuka maduka ya ununuzi, komptwari kama watu wanavyoyaita. Kuta zake zilichorwa picha za almasi kubwa zinazometa na noti za dola, ili hata asiyejua kusoma aelewe kinachouzwa ndani. Katikati ya mchimbaji na komptwari walisimama wachuuzi wa almasi, walioingia msituni na fedha taslimu na kutoka na vifurushi vidogo vya karatasi. Nyuma ya mchimbaji naye alikuwapo mfadhili: aliyelipia chakula, dawa na vifaa, na ambaye sehemu yake ya jiwe ilihesabiwa hata kabla jiwe halijaonekana. Kutoka komptwari mawe yalipanda ndege, na mengi yaliishia Antwerp, mji wa Ubelgiji ambao kwa miongo mingi ulikuwa soko kuu la almasi ghafi duniani.

Katika kila ngazi ya safari hiyo jiwe lilipimwa upya, na kila mara lilipimwa kwa jicho lililofundishwa zaidi na kifaa kilicho bora zaidi. Mchimbaji alikuwa na jua na kiganja chake. Mchuuzi alikuwa na lenzi. Komptwari lilikuwa na lenzi, mizani ya karati, dirisha zuri na mtaalamu aliyezoea kuona maelfu ya mawe. Antwerp kulikuwa na taa maalumu, hadubini na maabara. Tofauti ya bei kati ya Bafwasende na Antwerp ilikuwa gharama ya ndege, kodi, hatari na faida. Ilikuwa pia tofauti ya kujua.

Kujua nini hasa? Almasi ni kaboni tupu, elementi ileile iliyo katika makaa, ila atomi zake zimebanwa pamoja kwa joto na mgandamizo mkubwa, zaidi ya kilomita 100 chini ya ardhi. Elektroni zake zimeshikwa imara na atomi hizo. Ili moja iachie na kuanza kutembea ndani ya jiwe, inahitaji nishati ya takriban elektronivolti 5.5. Elektroni ni kama abiria aliyeko Lubunga anayetaka kuvuka mto hadi Makiso: bila nauli kamili hapandi mtumbwi. Mwanga unaoonekana kwa macho hauna nauli hiyo. Hata mwanga wa zambarau una takriban elektronivolti tatu tu. Kwa hiyo mwanga hupita bila kuzuiwa, na jiwe safi huonekana jeupe kama maji.

Mawe mengi, hata hivyo, yana vitu vigeni. Atomi za nitrojeni zikiingia kati ya atomi za kaboni, zinaweka vituo njiani, na nishati ndogo zaidi inatosha kuzifikisha elektroni hapo. Mwanga wa buluu humezwa kidogo, na jiwe hugeuka manjano. Ndiyo ile rangi inayomfanya mnunuzi akunje uso na kupunguza bei. Boroni ikiingia badala ya nitrojeni, jiwe huwa la buluu, na bei hupaa. Karati zilezile, umbo lilelile, tofauti ni jinsi elektroni zilivyopangiwa njia.

Wanasayansi walianza kuielewa siri hiyo hatua kwa hatua. Mwaka 1934 Robertson, Fox na Martin walionyesha kwamba almasi zipo za aina mbili, kufuatana na jinsi zinavyopitisha mwanga ambao macho hayauoni. Mwaka 1952, J. F. H. Custers, aliyekuwa akifanya utafiti wa almasi Johannesburg, alieleza habari za jiwe lililoendelea kung'aa baada ya taa ya mwanga wa urujuanimno kuzimwa. Likagundulika pia kupitisha umeme, jambo ambalo almasi ya kawaida hailifanyi. Custers alikuwa ameonyesha kwamba almasi inaweza kuwa semikonda, yaani kitu kinachopitisha umeme kwa masharti, jamaa wa silikoni iliyomo katika simu na redio.

Miaka hiyohiyo ya 1950 Kongo ilikuwa tayari inalisha dunia semikonda nyingine. Transista ya kwanza, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1947, ilitumia gerimani, na mgodi wa Kipushi huko Katanga ukawa mmoja wa vyanzo vyake vikubwa. Madini yalisafirishwa kusafishwa Ubelgiji. Redio za transista zilirudi Afrika zikiwa bidhaa ya dukani. Njia ambayo gerimani ya kusini iliipita ndiyo ambayo almasi ya Kisangani ingekuja kuipita: mali inaondoka, na ujuzi unabaki ng'ambo.

Miaka ya 1990 ilikuja na bunduki. Tarehe 15 Machi 1997 Kisangani ilitekwa na waasi wa AFDL waliokuwa wakielekea Kinshasa kumwondoa Mobutu. Agosti 1998 vita vya pili vilianza, na mji ukaangukia mikononi mwa waasi wa RCD wakisaidiwa na majeshi ya Rwanda na Uganda. Washirika hao wawili waligawana mji, uwanja wa ndege na barabara za kuingilia misituni. Almasi ilikuwa sehemu ya walichogombea. Walipigana kwa mara ya kwanza Agosti 1999, wakapigana tena Mei 2000, kisha kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 wakaipiga Kisangani kwa mizinga katika mapambano ambayo wakazi huyaita Vita vya Siku Sita.

Hakuna jeshi la Kongo lililokuwa likipigania mji katika siku hizo. Zaidi ya makombora 6,000 yaliangukia mitaa ya raia. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ilihesabu zaidi ya raia 760 waliouawa, takriban 1,700 waliojeruhiwa, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibiwa. Tarehe 16 Juni Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304 likiyataka majeshi ya Rwanda na Uganda yaondoke. Biashara ya mto na Kinshasa ilikuwa imekatika, petroli ilikuwa adimu, na watu wakasafiri kwa baiskeli za kubebea abiria, tolekà zilizokuja kuwa alama ya mji.

Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilichapisha ripoti Aprili 2001 kuhusu uporaji wa mali za Kongo. Sehemu ya ushahidi wake ilitoka katika takwimu za Baraza la Almasi la Antwerp. Uganda, nchi isiyojulikana kuchimba almasi, ilianza kuonekana katika orodha ya wauzaji mwaka 1997, na mwaka 1998 pekee ilihesabiwa kuuza zaidi ya karati 11,000. Mawe hayo hayakuota Kampala.

Hapa sayansi ya mwanga ilikutana na mpaka wake. Maabara inaweza kusema jiwe lina nitrojeni kiasi gani, lilikaa katika joto gani chini ya ardhi, limewahi kupigwa na mionzi au la. Lakini haiwezi kuchukua jiwe moja na kuapa kwamba limetoka Bafwasende na si Kasai au Angola. Kwa sababu hiyo serikali, wafanyabiashara na mashirika ya kiraia waliokubaliana juu ya Mfumo wa Kimberley walitegemea karatasi: tangu 2003, almasi ghafi haivuki mpaka kihalali bila cheti cha serikali ya nchi ilikotoka. Nchini Kongo kazi ya kutathmini na kutoa vyeti ilikabidhiwa CEEC, kituo cha serikali chenye ofisi pia Kisangani.

Kwa waathirika, haki ilichukua muda mrefu zaidi. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliamua kwamba Uganda ilikiuka sheria ya kimataifa na ilishindwa kuzuia uporaji wa mali ghafi katika maeneo iliyoyakalia. Kiasi cha fidia kilisubiri hadi tarehe 9 Februari 2022: dola milioni 325 za Marekani, yaani milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa maliasili. Almasi imo katika fungu hilo la mwisho. Mfuko wa serikali wa kuwafidia waathirika, FRIVAO, uliwekwa makao yake Kisangani.

Wakati mji unahesabu makaburi na madai, almasi yenyewe ilikuwa imeanza zamani kubadilika katika maabara za mbali. Mwaka 1955 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza kwamba imetengeneza almasi kwa mgandamizo na joto. Kwa miongo kadhaa mawe hayo yalibaki ya viwandani. Baadaye ikaenea njia ya pili: gesi yenye kaboni hugawanywa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, na almasi huota tabaka juu ya tabaka. Jiwe linalopatikana ni almasi halisi, kaboni ileile, ugumu uleule. Jicho na lenzi haviwezi kulitenga na la Tshopo, mkoa wa Kisangani.

Soko likageukia tena elektroni. Mwaka 1996 kampuni ya almasi ya De Beers ilitangaza vifaa viwili, DiamondSure na DiamondView. Cha kwanza hutafuta alama ya nitrojeni katika mwanga wa nanomita 415, alama ambayo almasi nyingi za asili hupata kwa kukaa ardhini miaka mingi mno. Cha pili hupiga jiwe kwa urujuanimno mkali unaobeba nauli kamili ya kuzivusha elektroni, kisha hupiga picha ya mng'ao unaorudi. Michoro ya ukuaji wa asili na ya maabara hutofautiana waziwazi. Mwaka 2017 kikaja SYNTHdetect, ambacho huangalia muda. Mwanga huzimwa, na kifaa husubiri kidogo kuona mng'ao unaobaki katika jiwe. Mng'ao huo unaobaki katika almasi nyingi za asili hutofautiana na ule wa almasi za maabara. Sababu ni kwamba elektroni zao zimenaswa mahali tofauti na hurudi kwa muda tofauti.

Bei, kwa maneno mengine, sasa inaamuliwa kwa kuzipima elektroni kwa saa.

Saa hizo zina historia yake, na Mwafrika ana nafasi kubwa ndani yake. Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri aliyefanya kazi katika taasisi ya Caltech, Marekani, alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1999 kwa kuonyesha jinsi ya kufuatilia atomi zinavyosogea wakati wa mmenyuko. Njia yake ilitumia mipigo miwili ya leza: wa kwanza huanzisha tukio, wa pili hufuata baada ya muda mfupi uliopimwa na kupiga picha ya hali iliyofikiwa. Muda huo huhesabiwa kwa femtosekunde; femtosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa mara milioni bilioni. Mbinu hiyohiyo ikahamia katika semikonda. Mwanga unapoipandisha elektroni, huacha nyuma yake tundu, na tundu nalo hutembea kana kwamba ni chembe yenye chaji chanya. Mipigo ya leza huonyesha vibeba chaji hivyo viwili vikikimbia, vikigongana, vikipoa na hatimaye kukutana tena.

Almasi imekuwa uwanja mzuri wa mbio hizo. Mwaka 2002 Jan Isberg na wenzake nchini Sweden walipima almasi safi iliyooteshwa maabarani na kukuta elektroni zikisukumwa na umeme kwa wepesi unaozidi mara tatu ule wa silikoni. Mwaka 2016 watafiti wa ETH Zurich walichukua utando wa almasi wenye unene wa nanomita 50 tu, wakautikisa kwa mwanga wa leza, na wakafuatilia itikio la elektroni zake kwa atosekunde, kipimo kilicho kidogo kuliko femtosekunde mara 1,000. Ndani ya kaboni ileile inayookotwa katika changarawe ya Opala, waliona elektroni zikiufuata mwanga karibu papo hapo.

Punguza semikonda hadi nanomita chache, na jambo jingine hutokea: ukubwa wenyewe huamua rangi. Vipande hivyo huitwa vitone vya kwanta. Alexei Ekimov aliviona ndani ya kioo cha rangi mwaka 1981 akiwa katika Umoja wa Kisovieti. Louis Brus aliviona ndani ya kimiminika mwaka 1983 huko Marekani. Moungi Bawendi, ambaye baba yake alikuwa Mtunisia, alionyesha mwaka 1993 jinsi ya kuvitengeneza vikiwa na ukubwa sawasawa. Watatu hao walishiriki Nobel ya kemia ya mwaka 2023. Kitone kidogo hung'aa buluu au kijani, kikubwa hung'aa nyekundu, na skrini za baadhi ya televisheni hutumia rangi hizo.

Ndani ya kitone, elektroni iliyopigwa na mwanga mkali huwa na nishati ya ziada, na kwa kawaida huipoteza kama joto ndani ya pikosekunde moja hivi, yaani femtosekunde 1,000. Watafiti wanashindana kuichelewesha, kwa sababu hasara hiyohiyo hutokea katika paneli za jua ambazo kaya za Kisangani huzitegemea umeme wa bwawa la mto Tshopo unapokatika. Sehemu kubwa ya mwanga unaopiga paneli ya silikoni hupotea kwa joto kabla elektroni haijafika kwenye waya. Atakayefaulu kuikamata mapema ataleta umeme zaidi kutoka jua lilelile.

Almasi nayo ina vituo vyake vidogo. Nitrojeni ikikaa jirani na nafasi ambayo atomi ya kaboni imekosekana, hutokea kituo kinachong'aa nyekundu kikipigwa na leza ya kijani. Mwaka 1997 watafiti nchini Ujerumani walifaulu kukiona kituo kimoja peke yake, na tangu hapo vituo hivyo vimetumika kupima sumaku dhaifu mno, hata ndani ya chembe hai. Nitrojeni ileile inayomshushia mchimbaji bei ndiyo inayotafutwa na maabara hizo.

Tukirudi Kisangani, hesabu ni ngumu. Kongo huchimba karati milioni kadhaa kila mwaka, nyingi zikitoka mikononi mwa wachimbaji wadogo. Kwa takwimu za Mfumo wa Kimberley za mwaka 2022, thamani yake ya wastani ilikuwa chini ya dola 10 kwa karati, ilhali ya Botswana ilizidi dola 100. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kweli kabisa, kwa kuwa mawe mengi ya Mbuji-Mayi ni ya viwandani. Lakini tathmini ya jiwe huanzia kwa anayelitathmini, na Botswana imewekeza miaka mingi katika kupanga na kupima mawe yake nyumbani Gaborone. Tangu 2022 bei ya almasi ghafi za asili imeshuka, almasi za maabara zikiwa mojawapo ya sababu, na mchimbaji wa Tshopo anaambiwa habari hizo na mtu yuleyule anayetaka kununua jiwe lake.

Uwezo wa kubadili hali hiyo haukosekani kabisa. Chuo Kikuu cha Kisangani kilianzishwa mwaka 1963 kikiwa Chuo Kikuu Huru cha Kongo, kikaunganishwa katika UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, mwaka 1971, na kikawa chuo kamili kinachojitegemea mwaka 1981, mwaka mmoja tu kabla ya sheria iliyofungua biashara ya almasi. Kina kitivo cha sayansi, na watafiti wake wa mimea, samaki na misitu wanajulikana duniani. Huko Yangambi, upande wa chini wa mto kutoka Kisangani, ambako Wabelgiji walijenga kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo katika miaka ya 1930, mnara wa mita 55 ulianza kazi mwaka 2020. Mnara huo, CongoFlux, hupima kaboni inayoingia na kutoka msituni kila siku, na ni wa kwanza wa aina yake katika bonde la Kongo. Watu wa Tshopo wameonyesha kwamba kifaa chenye kuhitaji uangalifu mkubwa kinaweza kusimama katika unyevu wa msitu na kutoa takwimu ambazo dunia inazitegemea.

Kaboni ya hewani inapimwa Tshopo. Kaboni iliyo ndani ya jiwe inastahili kupimwa Tshopo vilevile. Leza ya femtosekunde haihitajiki kuanza. Taa ya urujuanimno, spektromita ya mezani inayoonyesha alama ya nanomita 415, mizani nzuri, umeme wa uhakika na fundi aliyefundishwa vinaweza kuonyesha jiwe ni la aina gani, lina nitrojeni au boroni, na kama kuna dalili ya kwamba limetoka maabarani. Kwa wanafunzi wa fizikia wa Kisangani, meza kama hiyo ingekuwa pia mlango wa kuingilia semikonda na elimu ya vitone vya kwanta, wakianza na semikonda inayotoka katika ardhi yao wenyewe.

Chuo Kikuu cha Kisangani, CEEC na serikali ya mkoa wanapaswa kuifungua meza hiyo mjini, na kuifungua kwa mchimbaji kabla hajaingia komptwari, ili aingie akiwa na karatasi inayosema jiwe lake ni nini. Sheria ya 1982 ilimpa mwananchi haki ya kuchimba na kuuza. Haki ya kujua anachouza bado haijamfikia, na ni jukumu la taasisi hizo tatu kumfikishia.